Yoga na Wanaoitia Chumvi

Kila inapokaribia tarehe 21 Juni, ambayo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitangaza mwezi Desemba 2014 kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga kwa pendekezo la India lililoungwa mkono na nchi 177, mabishano yale yale hufufuka katika miji ya Afrika Mashariki ambako balozi za India huandaa mazoezi ya hadhara, na picha za watu waliokaa juu ya mikeka zikasambaa kwenye simu. Upande mmoja husimama wanaodai kwamba yoga huponya kisukari, presha, pumu na hata saratani, na kwamba mgonjwa akishajua kupumua vizuri hana haja tena ya hospitali. Upande wa pili husimama wanaoonya kwamba mtu akikunja miguu na kufumba macho amekwisha kuwafungulia mashetani mlango. Kupingana kwao si jambo la ajabu. Kinachokera ni kosa moja wanaloshirikiana, kwa kuwa wote huamini kwamba yoga ina nguvu kubwa mno, iwe ya kuponya kila kitu au ya kuharibu kila kitu, ilhali ushahidi uliokusanywa kwa takribani miaka 50 unaonyesha jambo la wastani, ambalo kwa sababu ya uwastani wake halipati mtu wa kulipigia debe.

Yoga ni mkusanyiko wa mazoezi ya mwili, pumzi na fikra uliokulia India ya kale, na maandishi yanayotajwa mara nyingi kuwa msingi wake ni Yoga Sutra ya Patanjali, iliyoandikwa katika karne za mwanzo baada ya Kristo na kuigawa njia hiyo katika hatua nane, kuanzia maadili ya kuishi na watu hadi kuzama kabisa kwa fikra. Kati ya hatua hizo, tatu ndizo zinazowahusu zaidi watu wa afya: asana, yaani mikao ya mwili, pranayama, yaani kuiongoza pumzi, na dhyana, yaani taamuli, hali ya kuituliza fikra kwa kuielekeza kwenye kitu kimoja bila kuyumba. Mikao, ambayo leo ndiyo sura ya yoga kwenye mabango, imetajwa kwa uchache sana katika maandishi hayo, na sehemu kubwa ya mifululizo inayofundishwa sasa ilipata umbo lake katika karne ya 20, hasa kwa kazi ya Tirumalai Krishnamacharya, aliyefundisha chini ya ufadhili wa mtawala wa Mysore miaka ya 1930, na ya wanafunzi wake kama B.K.S. Iyengar, ambaye kitabu chake cha mwaka 1966 kiliifikisha mikao hiyo majumbani kwa watu wa Ulaya na Marekani.

Pa kuanzia katika kupima manufaa yake ni pumzi, kwa sababu hapo ndipo utendaji wa mwili unapoelezeka bila kuhitaji miujiza. Moyo, mishipa, utumbo na tezi huongozwa na mfumo wa neva unaofanya kazi bila mtu kuamua, nao una matawi mawili: moja huuchochea mwili wakati wa hatari kwa kuongeza mapigo na kubana mishipa, na jingine, ambalo neva yake kuu huitwa vagasi na hushuka kutoka kwenye shina la ubongo hadi kifuani na tumboni, huurudisha mwili katika utulivu. Hakuna awezaye kuuamuru moyo wake upunguze mapigo ukatii, wala kuiamuru mishipa ya damu ilegee, lakini pumzi iko mpakani, maana huenda yenyewe mtu akiwa usingizini na hutii amri ya mwenyewe akiwa macho. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi mara 12 hadi 20 kwa dakika. Akizipunguza hadi karibu sita, akavuta kwa tumbo ili kiwambo, yaani ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, kishuke vizuri, kisha akaitoa pumzi polepole kuliko alivyoivuta, mapigo ya moyo hupanda na kushuka kwa kufuata mwendo huo, na vihisio vya shinikizo vilivyomo katika kuta za mishipa mikubwa ya shingoni na kifuani huitikia kwa wepesi zaidi. Hata asiye na kifaa chochote anaweza kulithibitisha hilo kwa kuweka vidole viwili juu ya mshipa wa kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba: mara nyingi atayasikia mapigo yakikaribiana anapovuta pumzi, na yakiachana anapoitoa.

Mwaka 2001 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa Luciano Bernardi wa Chuo Kikuu cha Pavia, Italia, na wenzake, ambao ungefaa usomwe na kila anayejiandaa kuhubiri kuhusu yoga, awe wa kuisifu au wa kuilaani. Watafiti waliwapima watu wazima 23 wenye afya njema walipokuwa wakisali rozari kwa Kilatini na walipokuwa wakitamka mantra, yaani maneno mafupi yanayorudiwarudiwa katika yoga, wakakuta kwamba yote mawili yaliipunguza pumzi hadi karibu mara sita kwa dakika na kuufanya mdundo wa moyo na ule wa shinikizo la damu uende pamoja. Sala ya Salamu Maria kwa Kilatini, ikisaliwa kwa kupokezana kati ya kiongozi na waumini, humalizika kwa takribani sekunde kumi, na sekunde kumi kwa kila pumzi ndizo zinazoleta pumzi sita kwa dakika. Utafiti huo ulikuwa mdogo, haukupima ugonjwa wowote, haukugusa uradi unaosomwa kwa tasbihi, wala haukusema kwamba sala ni pumzi tu. Hata hivyo unatosha kuonyesha kwamba angalau sehemu hii ya faida, ile ya moyo na mishipa, hutokana na mwendo wa pumzi zaidi kuliko na siri ya maneno yanayotamkwa.

Kabla ya hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1970, daktari wa moyo Herbert Benson wa Harvard, akishirikiana na Robert Keith Wallace, alikuwa amewapima watu waliorudia neno moja kimoyomoyo, akakuta kwamba miili yao ilitumia oksijeni kidogo zaidi na mapigo yao yalipungua. Naye baadaye alishauri kwamba mtu angeweza kutumia neno la sala ya dini yake mwenyewe. Kisha mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha katika shule ya tiba ya Chuo Kikuu cha Massachusetts programu, ambayo baadaye iliwekwa kuwa ya wiki nane, kwa wagonjwa wenye maumivu sugu, iliyochanganya mikao myepesi ya yoga na taamuli ya umakinifu, yaani kuiangalia pumzi, mwili na mawazo yanayopita bila kuyahukumu wala kuyakimbia. Kipimo cha programu hiyo ni muhimu kukumbukwa: darasa la saa mbili na nusu kila wiki, siku moja ya ukimya, na zoezi la nyumbani la takribani dakika 45 karibu kila siku. Tafiti nyingi zinazonukuliwa leo kuhusu faida za taamuli zilifanywa kwa kipimo hicho au kinachokikaribia, kwa hiyo anayesikiliza dakika tano za sauti ya maji yanayotiririka kwenye simu, huku akisubiri daladala, hawezi kudai matokeo yale yale, kama vile anayelamba ncha ya kidonge asivyoweza kudai amemeza dozi.

Matokeo yenyewe ni yapi? Kwa maumivu sugu ya mgongo wa chini, jaribio lililoongozwa na Robert Saper huko Boston na kuchapishwa mwaka 2017 liliwagawa kwa bahati nasibu watu wazima 320, wengi wao wa kipato cha chini, katika makundi matatu, la yoga, la tiba ya viungo inayotolewa na mtaalamu, na la kusoma kijitabu cha maelekezo, na baada ya wiki 12 ikaonekana kwamba yoga haikuzidiwa na tiba ya viungo katika kupunguza maumivu na kuwarudisha watu kwenye shughuli zao. Katika mwaka huo huo, chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani wa Marekani kiliiweka yoga katika orodha ya njia zisizo za dawa zinazostahili kujaribiwa mwanzo kwa maumivu sugu ya aina hiyo. Habari hii ina uzito kwetu kuliko inavyodhaniwa. Husemwa kwamba yoga ni starehe ya wanaokaa ofisini, na kweli madarasa mengi ya kulipia katika Dar es Salaam na Nairobi yako katika mitaa ya wenye nafasi, lakini migongo inayouma zaidi ni ya wanaoinama shambani kutwa, wanaobeba ndoo na magunia, na wanaoendesha bodaboda kwenye barabara za mashimo, na waliopunguziwa maumivu yao huko Boston hawakuwa matajiri.

Kwa upande wa akili, jaribio la Elizabeth Hoge na wenzake, lililochapishwa katika jarida la JAMA Psychiatry, liliwagawa watu wazima 276 wenye maradhi ya wasiwasi uliokithiri, nusu wakapewa programu ile ya wiki nane na nusu wakapewa escitalopram, dawa inayotumika sana kwa maradhi hayo, na mwishoni makundi yote mawili yalipata nafuu iliyokaribiana, huku waliotumia dawa wakilalamikia zaidi athari zake za pembeni. Kwa sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito unaomwondolea mtu hamu ya kuishi maisha yake ya kawaida, jaribio la Uingereza la mwaka 2015 lililowahusu watu 424 waliokwisha kuugua mara kadhaa lilikuta kwamba ndani ya miaka miwili ugonjwa uliwarudia asilimia 44 ya waliofunzwa tiba yenye taamuli ya umakinifu na asilimia 47 ya walioendelea na dawa, tofauti ambayo kitakwimu si tofauti. Takwimu hizo zina faraja ndani yake na zina onyo pia, maana anayezisoma kama ushindi wa taamuli anasahau kwamba karibu nusu ya watu, katika makundi yote mawili, waliugua tena.

Mshabiki wa yoga atauliza kwa nini basi isitangazwe kuwa tiba kuu. Jibu liko katika uhakiki wa tafiti uliofanywa na Madhav Goyal na wenzake wa Johns Hopkins mwaka 2014, uliokusanya majaribio 47 yenye washiriki 3,515 na kukuta kwamba programu za taamuli hupunguza kwa kiasi kidogo hadi cha wastani wasiwasi, sonona na maumivu, lakini haukupata ushahidi kwamba zinazidi matibabu mengine yenye nguvu, yakiwemo dawa, mazoezi ya mwili na tiba za mazungumzo. Tafiti zenyewe zina udhaifu ambao haukwepeki: mtu anayejaribiwa kidonge anaweza kufichwa kama amepewa dawa halisi au ya bandia, lakini hakuna mtu anayeweza kufanya yoga bila kujua kwamba anafanya yoga, kwa hiyo matumaini yake mwenyewe huingia katika hesabu, na wanaojitolea kujaribiwa mara nyingi ni wale walioipenda tangu mwanzo. Walipopelekewa wasioiomba, mambo yalibadilika. Jaribio kubwa la Uingereza lililochapishwa mwaka 2022, lililohusisha shule 85 na wanafunzi zaidi ya 8,000, lilikuta kwamba somo la umakinifu lililotolewa darasani kwa wote halikuwaongezea afya ya akili kuliko masomo ya kawaida ya malezi, na wanafunzi wengi hawakulifanyia mazoezi nyumbani. Wakuu wa shule na mameneja wanaotaka kuweka kipindi cha taamuli cha lazima wangefanya vyema kulisoma jaribio hilo, hasa meneja ambaye watumishi wake hupata usingizi wa saa tano tu kwa sababu ya zamu alizozipanga yeye.

Madhara ya kutia chumvi yameonekana kwa uwazi zaidi India kwenyewe. Ramdev, mwalimu aliyeifanya yoga kuwa kipindi cha televisheni cha asubuhi kwa mamilioni ya watu, na mwenzake Balkrishna waliiendesha kampuni ya Patanjali Ayurved, ambayo matangazo yake yaliahidi kumaliza kabisa maradhi kama presha na kisukari huku yakiwakejeli madaktari wa kisasa. Chama cha Madaktari cha India kilifungua kesi Mahakama ya Juu mwaka 2022. Mwezi Novemba 2023 kampuni iliahidi mahakamani kwamba matangazo ya namna hiyo yatakoma, lakini hayakukoma, na mwaka 2024 wakuu hao wawili wakaitwa kujibu tuhuma za kuidharau mahakama. Walipochapisha tangazo la kuomba radhi katika magazeti 67, majaji waliuliza swali ambalo mhariri yeyote angeliuliza: je, tangazo hilo lilikuwa na ukubwa sawa na ule wa matangazo ya dawa? Likachapishwa upya kwa ukubwa, na mwezi Agosti mwaka huo mahakama ikakubali radhi na kufunga shauri la dharau kwa onyo kali. Ikiwa nchi iliyoizaa yoga, inayoienzi na iliyoiombea siku yake katika Umoja wa Mataifa haikumruhusu mwalimu wake maarufu kuliko wote kudai kwamba ameishinda presha, hakuna sababu ya kuliruhusu dai hilo lizunguke Mombasa au Mwanza kwa ujumbe wa sauti usio na jina.

Upande wa pili nao unastahili kujibiwa kwa heshima, kwa kuwa hofu yake haikutoka hewani. Yoga ilizaliwa ndani ya dini, baadhi ya mantra zake huitaja miungu ya Wahindu, na wanaosema kwamba haina uhusiano wowote na imani wanaisahau historia yake. Barua ya Vatikani ya mwaka 1989 kwa maaskofu, chini ya Kardinali Joseph Ratzinger, iliwatahadharisha Wakatoliki wasiuchukue utulivu wa mwili kuwa ndio kazi ya Roho. Baraza la Fatwa la Malaysia mwaka 2008 liliwakataza Waislamu yoga inayochanganya mikao na matamko ya ibada. Na jimbo la Alabama, Marekani, liliipiga marufuku katika shule za umma tangu mwaka 1993 hadi 2021. Kwa upande mwingine, Saudi Arabia, ambayo hakuna atakayeituhumu kwa ulegevu wa kidini, iliitambua mwaka 2017 kuwa shughuli ya michezo, na mtafiti Mark Singleton ameonyesha kwamba mikao mingi ya kisasa ina deni kubwa kwa mazoezi ya viungo ya Ulaya yaliyoenea India wakati wa ukoloni, kiasi kwamba anayeikimbia mikao hiyo kama ibada ya kale huenda anakimbia gwaride la shule.

Lakini hoja nzito zaidi kwa mwumini iko katika ule uhakiki wa Johns Hopkins. Ikiwa taamuli haiyazidi mazoezi mengine na matibabu mengine, na yoga kwa mgongo ilikaribiana tu na tiba ya viungo, basi anayeziacha kwa ajili ya imani yake hapotezi kitu cha kiafya ambacho hawezi kukipata kwa njia nyingine: dakika 150 za kutembea kwa kasi kila wiki, ambazo Shirika la Afya Duniani linazitaja kuwa kiwango cha chini kwa mtu mzima, sala inayosaliwa bila haraka, na pumzi iliyopunguzwa mwendo, ambayo haina dini. Halazimiki kudai kwamba yoga ni ya kishetani ili aiache. Inatosha kusema haitaki. Naye anayeipenda halazimiki kuigeuza kuwa dawa ya saratani ili aruhusiwe kuifanya. Utulivu wa mgongo usiouma na usingizi uliokaa vizuri ni sababu tosha.

Limebaki suala la hatari, ambalo husemwa kwa uchache kwa kuwa linawaudhi wauzaji na halina utamu wa kutosha kwa wahubiri wa mashetani. Mikao ya kusimama kwa kichwa au kuinamisha kichwa chini huongeza shinikizo ndani ya jicho, jambo linaloweza kumdhuru mwenye glakoma, ugonjwa unaoharibu neva ya jicho taratibu na mara nyingi bila maumivu, kiasi kwamba wengi hawajui kuwa wanao. Taamuli nayo ina upande wake mgumu: watafiti Jared Lindahl na Willoughby Britton wa Chuo Kikuu cha Brown walichapisha mwaka 2017 mahojiano na watu wapatao 60, wengi wao wazoefu, walioeleza kukosa usingizi, hofu kali, kumbukumbu za mateso ya zamani zilizorudi kwa nguvu, na hali ya kujiona kana kwamba wametengana na nafsi zao. Kwa hiyo aliyewahi kupatwa na kiwewe au kuchanganyikiwa akili hapaswi kupelekwa moja kwa moja kwenye kambi ya siku kumi za ukimya kwa sababu tu rafiki yake alirudi kutoka huko akiwa anang'aa.

Msomaji anayetumia dawa za presha, kisukari au sonona na ambaye amevutiwa na yoga aianze bila hofu, kwa mwalimu anayeuliza kwanza kuhusu magonjwa, mimba na macho kabla ya kutandika mkeka, na ampe habari daktari au mhudumu wake wa kliniki. Aendelee kupima presha na sukari kwa tarehe alizopangiwa. Vipimo vikishuka, uamuzi wa kupunguza kidonge ni wa daktari, na mwalimu yeyote atakayemwambia avitupe vidonge vyake kabla ya hapo, amuage na asirudi tena kwenye darasa lake.